Kifafa cha mimba hadi ICU: tatizo ni ICU yenyewe au ni kule mgonjwa alikotoka?

#1 Mzee_wa_Segerea
Wakuu habari. Nina mdogo wangu wa kike, mimba ya kwanza, wiki ya 33. Alilalamika kichwa siku mbili, akaambiwa uchovu. Usiku akaanguka kifafa. Kituo cha afya wakamwandikia rufaa ya wilaya, wilaya wakaandika ya mkoa, mkoa wakaandika ya kanda. Kafanyiwa upasuaji, mtoto yuko chumba cha njiti anapumua mwenyewe, ila mama yuko ICU kwenye mashine ya kupumulia.

Maswali yangu mawili. La kwanza: tuliambiwa tiba ya ugonjwa huu ni kumtoa mtoto. Mtoto katoka, mbona mama anazidi? La pili: baba mdogo anasema kwenye simu mbele ya mama yetu kwamba ICU watu wanaenda kufia. Kuna mtu humu ndugu yake alipitia hii akatoka?

#2 Kiberiti_Paka
Pole mkuu. Na huyo baba mdogo mnyang'anyeni simu kwanza.

#3 Sista_wa_Zamu
Pole sana kaka. Mimi ni mkunga, wodi ya wazazi. Nitajaribu kwa lugha ya kawaida.

Chanzo kiko kwenye kondo la nyuma. Mwanzoni mwa mimba mishipa ya damu ya mfuko wa uzazi inatakiwa itanuke ili kondo lipate damu ya kutosha. Kwa wanawake hawa haitanuki vizuri. Kondo likikosa damu linamwaga kemikali kwenye damu ya mama, na kemikali hizo zinajeruhi ngozi laini ya ndani ya mishipa mwili mzima. Ndiyo maana presha inapanda, figo zinavujisha protini, ini linavimba, ubongo unajaa maji mtu anaanguka kifafa. Presha mnayoiona kwenye mashine ni sehemu moja tu ya ugonjwa.

Kumtoa mtoto na kondo kunaondoa chanzo. Mishipa iliyokwisha kujeruhiwa haiponi siku hiyo hiyo. Presha ya mzazi mara nyingi hupanda tena siku ya tatu hadi ya sita baada ya kujifungua, na kifafa kinaweza kuja hata kama hakikuwepo kabla. Saa 48 za kwanza ndizo tunazoziogopa zaidi.

Je, alichomwa magneziamu kule kituo cha afya kabla ya gari kuondoka? Hilo ndilo swali ningewauliza wao.

#4 Mzee_wa_Segerea
Asante sista. Kituo cha afya walimchoma sindano moja ya kumtuliza, sijui ni ipi. Magneziamu nimeisikia mkoani.

#5 Dr_wa_Google
Magneziamu ndiyo dawa ya kushusha presha kwa wajawazito. Wangempa mapema presha ingeshuka na kifafa kisingekuja.

#6 Sista_wa_Zamu
#5 hapana. Magneziamu haipewi kushusha presha, inapewa kuzuia kifafa. Presha ina dawa zake: hidralazini, labetalo, nifedipini, na aldometi kwa wanaotibiwa taratibu. Nimeona mgonjwa kachomwa magneziamu vizuri kabisa, presha ikaachwa 190/120 kwa kuwa "tayari kapewa dawa". Akapata damu kwenye ubongo. Ikifika 160/110 ni dharura, ishushwe haraka ila siyo kwa kishindo, maana mtoto naye anategemea damu hiyo hiyo.

#7 Dr_wa_Google
Sawa madam, nimekaa pale. Lakini inazuia kifafa au haizuii?

#8 Chumba_Na_4
Inazuia. Mwaka 1995 ulitoka utafiti mkubwa uliolinganisha magneziamu na diazepamu na fenitoini, magneziamu ikaziacha mbali kwa kuzuia kifafa kisijirudie. Mwaka 2002 ukaja mwingine, Magpie, wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ukaonyesha kwamba ukimpa mwenye dalili kabla hajaanguka unapunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Dawa yenyewe ni ya bei ndogo. Kwa hiyo mtu kuchomwa "sindano ya kutuliza" miaka hii na kupakiwa kwenye gari ni jambo la kuuliza, tena kwa sauti.

Mimi nafanya kazi ICU. Kwa swali la pili la mleta uzi: ICU inapokea matokeo. Mgonjwa akija baada ya kifafa kimoja, kachomwa dozi ya kwanza, presha imeanza kushushwa, mara nyingi anatoka. Akija amezimia baada ya vifafa sita, kapaliwa na matapishi njiani, mkojo hakuna tangu jana, mashine zangu zinakuwa za kununua muda. Wote wawili kwenye daftari wanaandikwa "kifafa cha mimba, ICU".

#9 Mama_Mapacha_Tegeta
Mleta uzi, mimi nilitoka. Mapacha, wiki ya 31. Sikuwahi kuanguka kifafa na hapo ndipo watu waliposinzia. Kilichonileta hospitali ni maumivu ya chembe ya moyo, yale ya kukukunja, yanapanda hadi bega la kulia. Duka la dawa walinipa dawa ya vidonda vya tumbo. Nikarudi nikapewa nyingine. Miguu imevimba kila mtu ananiambia mapacha hao, kawaida. Pete ya ndoa ilibidi ikatwe.

Dada mmoja maabara ndiye aliyeshtuka. Chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa 38,000, kawaida zinaanzia 150,000. Vipimo vya ini viko juu. Wakasema ni HELLP, yaani chembe nyekundu zinapasuka, ini linaumia, chembe sahani zinaisha. Sindano ya mgongo wakakataa kwa sababu ya hatari ya kuvujia damu kwenye uti, nikalazwa nusu kaputi. Nilizinduka ICU na mpira kooni. Watoto wote wazima, wako darasa la pili, wasumbufu.

Maumivu ya juu ya tumbo kwa mjamzito msiyaite vidonda vya tumbo kabla presha haijapimwa. Hilo tu.

#10 Kiberiti_Paka
Daah #9. Dada wa maabara apewe kiwanja.

#11 Mwana_wa_Kibokoni
Assalaam aleykum. Huku kwetu Mombasa jirani yetu alijifungua salama salimini, akaruhusiwa, yupo arubaini kwa mamake. Siku ya nane kaanza kuona vimulimuli, kisha akasema haoni kabisa. Bibi mmoja akasema ni jini la uzazi, akaletwa mtu wa kusoma. Amesomewa mpaka alasiri. Alipoanguka ndipo wakambeba. Hospitali presha 200 na kitu. Alilazwa ICU, kifafa kikazimwa, macho yakarudi baada ya siku tatu, mashallah, anaona hadi kutia uzi kwenye sindano.

Sasa mimi nauliza, mtu akipofuka kisha akaona tena, ni nini hicho?

#12 Chumba_Na_4
#11 ni uvimbe wa sehemu ya nyuma ya ubongo, pale panapochakata kuona. Macho yenyewe hayana ubaya. Presha ikidhibitiwa uvimbe unapungua na kuona kunarudi, kwa wengi siyo wote. Ikiwa ni damu imevuja, hadithi inakuwa nyingine.

Na hatari haiishi leba. Kifafa kinaweza kuja ndani ya wiki sita zote baada ya kuzaa, ingawa vingi vinakuja siku mbili za mwanzo. Arubaini nzima mtu awe na mahali pa kupimia presha.

#13 Sheikh_Mdogo
Kusoma Qur'ani hakumkatazi mtu kwenda hospitali. Msomeeni kwenye gari. Tusiwasingizie majini kila kitu, nao wamechoka.

#14 Kiberiti_Paka
😂😂😂 "nao wamechoka"

#15 Mkulima_Wa_Makambako
Mimi natofautiana na wote mnaolaumu vituo vya chini. Mke wa kaka yangu alihudhuria kliniki kila tarehe. Kadi imejaa. Ukiisoma ile kadi uzito upo, kimo cha mimba kipo, sehemu ya presha imeandikwa 110/70 mahudhurio yote. Yote! Binadamu gani presha yake haisogei hata namba moja miezi mitano? Mashine ilikuwa haifanyi kazi, watu wanajaza ili kadi ipendeze. Vijiti vya kupima protini kwenye mkojo navyo "vimeisha, nenda kanunue nje". Kwa hiyo tatizo halikuanza kwenye rufaa, lilianza kwenye kalamu.

#16 Sista_wa_Zamu
#15 siwezi kukataa, nimeziona kadi hizo. Ila nawe uelewe nesi mmoja, wajawazito sabini kabla ya saa sita mchana, mashine moja na mkanda wake umetoboka. Na hata ikiwepo kuna kupima na kupima. Mama katoka kupanda mlima na mtoto mgongoni, anapimwa amesimama, mkanda mdogo kwenye mkono mnene: hiyo namba ni ya bahati nasibu. Akae, apumzike dakika tano, mkono ulingane na moyo. 140/90 baada ya wiki ya 20 irudiwe, na mkojo upimwe.

#17 Mkulima_Wa_Makambako
Nesi mmoja kwa sabini siyo kosa la nesi. Lakini kuandika 110/70 ni la nani?

#18 Takwimu_Tu
Tuweke namba mezani kabla hatujatukanana. Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2012 matokeo ya wagonjwa wao 76 wa kifafa cha mimba: waliofariki walikuwa 6, karibu 8 kwa kila 100. Maana yake wengi mno walipona, hata kwenye hospitali ya rufaa inayopokea walioharibika. Mwambieni baba mdogo.

Kitaifa vifo vya uzazi vilikuwa 556 kwa vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015/16, ule wa 2022 ukatoa 104.

#19 Kijana_Mbishi
104? Mkuu namba hizo zinaandikwa na kalamu ile ile ya 110/70.

#20 Takwimu_Tu
Ule ni utafiti wa kaya, kalamu nyingine kabisa. Ubishi wa ukubwa wa kushuka unaruhusiwa, ila usichanganye kadi ya kliniki na sampuli ya taifa. Ninachosema ni kwamba vifo vya kutokwa damu na vya uambukizi vikipungua, presha inabaki inaonekana zaidi. Haina njia ya mkato. Damu ikitoka unaiona sakafuni. Presha unaiona ukiitafuta tu.

#21 Binti_Sayari
Hata Ulaya na Marekani wanakufa. Serena Williams nusura afe na kifafa cha mimba.

#22 Mpenda_Riadha
#21 Serena siyo. Yake, 2017, ilikuwa damu iliyoganda ikakimbilia kwenye mapafu baada ya upasuaji. Unayemtafuta ni Allyson Felix, mkimbiaji wa Marekani: mwaka 2018, wiki ya 32, presha ya mimba ya hali mbaya, akapasuliwa kwa dharura, mtoto akalazwa chumba cha njiti. Akarudi akachukua dhahabu na shaba Olimpiki ya Tokyo. Na Tori Bowie, bingwa wa dunia wa mita 100 mwaka 2017, alifariki 2023 nyumbani kwake akiwa na mimba ya miezi kama minane, ripoti ya uchunguzi ikataja kifafa cha mimba kati ya mambo yanayowezekana. Wawili hawa walikuwa timu moja ya kupokezana vijiti Rio 2016. Miili ya chuma ile. Kwa hiyo anayesema "fanya mazoezi hutaumwa" apunguze sauti.

#23 Binti_Sayari
Haya bingwa wa riadha, nimekupa kijiti.

#24 Shangazi_wa_Tandale
Mnaandika vitabu. Zamani hatukuwa na haya mambo, mjamzito alikatazwa chumvi na mayai basi.

#25 Sista_wa_Zamu
Shangazi shikamoo. Yalikuwepo, yaliitwa majina mengine na waliofariki hawakuhesabiwa. Kukata chumvi hakuzuii kifafa cha mimba. Na mayai mwache mwenzio ale jamani.

#26 Fundi_Bomba
Niliwahi kusikia kwamba ukibadilisha mume ugonjwa unarudi upya hata kama mimba ya kwanza ilikuwa salama. Hii ni kweli au ni wanaume wametunga?

#27 Chumba_Na_4
Ipo nadharia hiyo kwa wataalamu. Mwili wa mama unazoea vitu vya baba taratibu, na mimba ya kwanza kwa baba mpya inaonekana kuwa na hatari zaidi. Wengine wanasema siyo mume, ni miaka mingi iliyopita kati ya mimba na mimba, kwa sababu anayebadilisha mume kwa kawaida anakaa muda mrefu bila kuzaa. Bado wanabishana. Hatari zisizobishaniwa: mimba ya kwanza, mapacha, unene, kisukari, ugonjwa wa figo, presha ya tangu zamani, umri mkubwa, na kuliko yote aliyewahi kuupata.

#28 Fundi_Bomba
Kwa hiyo wanandoa mtulie. Nimeelewa hapo tu.

#29 Mzee_wa_Segerea
Wakuu nimerudi, nawasoma wote. Taarifa: kifafa hakijarudi. Daktari anasema sasa shida ni figo. Ule mfuko wa mkojo unaoning'inia kitandani, tangu asubuhi una kidogo tu, rangi ya chai ya rangi. Mama yetu anataka aongezewe maji ya dripu, anasema mtoto wake kakauka midomo. Wao wanakataa. Amekasirika anasema wanamwacha afe kwa kiu. Mnisaidie namna ya kumwelewesha.

#30 Chumba_Na_4
Pole mzee. Mwambie mama hivi: mishipa ya mgonjwa huyu inavuja. Ukimjaza maji hayabaki kwenye damu, yanapenya yanakwenda kukaa kwenye mapafu, na mapafu yakijaa anazama akiwa kitandani. Ndiyo maana tunampimia, karibu mililita 80 kwa saa kwa jumla, dripu na dawa pamoja. Wengi waliotufia hawakufa kwa kifafa, walikufa kwa mapafu kujaa maji, damu kwenye ubongo, au damu kushindwa kuganda.

Figo za ugonjwa huu mara nyingi zinarudi, hata zikihitaji kusaidiwa na mashine ya kusafisha damu kwa muda. Kwa hiyo neno "dayalisisi" likitajwa msilisikie kama la maisha yote.

Midomo waombeni pamba yenye maji mlowanishe. Hilo mama anaweza kulifanya kwa mkono wake na litamsaidia yeye mwenyewe.

#31 Sista_wa_Zamu
Naongezea: mkojo ukipungua na magneziamu inaangaliwa upya, kwa sababu inatoka kwa njia ya figo. Ikijaa mwilini inalegeza misuli hadi ya kupumua. Kwa aliye wodini ndiyo maana tunagonga goti na kile kinyundo kila kabla ya dozi, tunahesabu pumzi, tunapima mkojo. Goti lisiporuka, hachomwi. Dawa ya kuikata ni kalsiamu glukoneti, iwe karibu na kitanda, siyo stoo yenye kufuli.

#32 Mama_Mapacha_Tegeta
Na sindano zenyewe za matako jamani. Gramu tano kila upande. Nilisahau majina ya watu ila ile sindano naikumbuka.

#33 Dereva_Mtanga
Mimi ni dereva wa jamii kwenye m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, ile unapiga 115 bure, anatafutwa dereva aliye karibu, analipwa na mfumo. Nimebeba wawili wa kifafa. Naona watu humu mnaongelea dawa, mimi naona muda. Anaanguka saa nne usiku, familia inakaa kikao hadi saa saba. Wanamtia kijiko mdomoni, wanamnusisha kitunguu. Mmoja nilimkuta meno mawili yametoka kwa kijiko. Mlazeni ubavu wa kushoto, msimtie kitu mdomoni, pigeni simu. Kikao mtafanyia njiani.

#34 Kijana_Mbishi
Simu ikipigwa gari linamfikisha pasipo na daktari wa upasuaji, kisha unaanza kulisubiri jingine. Mleta uzi kapita milango minne. Kwa nini kituo cha kwanza kisimpeleke moja kwa moja kunakostahili?

#35 Sista_wa_Zamu
Kwa sababu mwongozo wa rufaa ni ngazi kwa ngazi, na ukiruka ngazi unaitwa ofisini. Dharura ya uzazi inaruhusu kuruka, lakini anayeogopa barua haruki. Halafu hata kanda kitanda cha ICU ni cha kupiga simu na kuomba.

#36 Chumba_Na_4
Mimi hapo nasema tofauti kidogo na sista. Si kila mmoja anahitaji ICU. Chumba cha uangalizi maalumu ndani ya wodi ya wazazi, kitanda kimoja karibu na meza ya nesi, presha kila dakika 15, magneziamu, oksijeni, mtu asiyetoka: ungeokoa wengi kabla hawajafika kwangu. Mashine ya kupumulia ni ghali na wahudumu wake hawapatikani. Tunajenga ICU kwa sababu inazinduliwa kwa utepe.

#37 Mkulima_Wa_Makambako
Nami nasisitiza, mashine ya presha ifanye kazi. Hata utepe usiwepo.

#38 Mke_wa_Mwanajeshi
Samahani kwa kuingilia. Nilipata hili mimba iliyopita, sasa nina wiki 11. Kuna kinga?

#39 Sista_wa_Zamu
#38 hongera. Nenda kliniki wiki hii, usisubiri tumbo lionekane. Waambie historia yako kabla hujakaa. Kwa mwenye historia kama yako daktari kwa kawaida anaanzisha asprini dozi ndogo, na inafaa ianze kati ya wiki ya 12 na ya 16, maana baadaye faida inapungua. Kuna utafiti wa 2017, miligramu 150 usiku, ulipunguza aina inayokuja kabla ya wiki 37 kwa zaidi ya nusu. Usijinunulie dukani ukajipangia.

#40 Takwimu_Tu
Na kalsiamu, kwa wanaokula kidogo maziwa na dagaa. Dozi iliyopendekezwa kwa miaka mingi ni miligramu 1,500 hadi 2,000 kwa siku, vidonge vikubwa, kina mama wanaviacha. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Bangalore, wanawake 11,000 kila upande, ulitoka 2024 ukaonyesha miligramu 500 haikuwa duni kwa 1,500 katika kuzuia ugonjwa huu. Dar ya kwetu hii hii.

#41 Mke_wa_Mwanajeshi
Asante. Na mimi natumia kaptopri ya presha tangu mwaka jana, niendelee nayo tu hadi nimwone daktari?

#42 Chumba_Na_4
#41 kaptopri, enalapri, lisinopri na losatani haziendi na mimba, zinaharibu figo za mtoto. Lakini usiache ukakaa bila dawa yoyote. Kesho asubuhi nenda na boksi la dawa mkononi ubadilishiwe, aldometi au nifedipini ya kutoa taratibu au labetalo, wao wataamua.

#43 Mke_wa_Mwanajeshi
Kesho ni Jumapili.

#44 Chumba_Na_4
Wodi ya wazazi haifungi Jumapili. Nenda.